Kikundi cha ukoo: darasa la Jumamosi

Mimi: Shikamooni wakubwa wote, wadogo mambo. Jamani naomba muda wenu kidogo. Jumamosi hii darasa la kipaimara mwaka wa pili linakaa pamoja na wale vijana wakubwa wa usharika, somo ni mifano ya Yesu. Sitaki nisimame pale mbele nisome, nifafanue, tuimbe, tuondoke. Nimewaambia kila mmoja aje na kitu kimoja alichokiona wiki hii, kwenye daladala, jikoni, dukani, popote, tukae nacho tuangalie Mungu anatufundisha nini hapo. Sasa naanza na nyie. Kila mtu anieleze kazi yake inavyoenda, kazi yenyewe, mahubiri tuyaweke pembeni kwanza.

Shangazi Machame: Marahaba mwanangu. Bwana Yesu asifiwe. Hapo pa kuweka mahubiri pembeni sijapaelewa, wewe si ndo mwalimu wa vijana?

Mimi: Amina shangazi. Namaanisha hivi, tukianza na somo mkononi tutaona lile tu tulilokuja nalo. Angalia Bwana mwenyewe kwenye Mathayo 13. Mpanzi wake, mbegu nyingine njiani, nyingine penye mwamba udongo haba, nyingine kwenye miiba, huyo ni mtu aliyeangalia shamba kweli. Chachu kwenye pishi tatu za unga, kaona mama zake wakikanda. Juya la samaki linavutwa pwani watu wanakaa chini wanachambua. Kalelewa nyumba ya fundi seremala Nazareti halafu kakaa na wavuvi Kapernaumu, anajua kazi za watu, ndo maana wakulima na wavuvi walikuwa wanamsikiliza.

Shangazi Machame: Hapo nimekuelewa. Basi andika, sisi huku wiki hii tulikuwa na msaragambo wa mfereji. Unajua maji yanatoka kule juu msituni yanapita kihamba kwa kihamba, yale mashamba yetu ya migomba ya nyumbani, kila mtu na zamu yake. Mfereji ukijaa matope na majani hakuna anayepata, kwahiyo tunatoka wote na majembe. Asiyekuja anatozwa faini. Na wa juu ndo mwenye mtihani, yeye maji yanamfikia kwanza, zamu yake ikiisha asipofunga kwake wa chini anakaa kavu na migomba inasinyaa. Na kuna wanaokuja usiku kubomoa kingo wajifungulie.

Mimi: Asante sana shangazi, hii ya wa juu kufunga kwake nimeipenda mno. Ila watoto wa huku Kimara wengi mfereji hawajawahi kuuona, nikiwaletea itakuwa kama hadithi ya mbali. Nitawauliza maji ya kwao yanakujaje, wao wanajua foleni ya madumu bombani na jirani anayejaza simtanki lake lote wakati nyuma yake kuna mama na ndoo mbili. Mfano inabidi uokotwe pale mtu anapokaa.

Shangazi Machame: Sawa ila Desemba wakija huku kuna jembe la kila mmoja.

Baba Mdogo Mwanza: Mwanangu marahaba nilikuwa mwaloni ndo nimeshika simu sa hivi. mimi kazi yangu unaijua ni dagaa, tunatoka jioni giza likishakaa vizuri tunawasha taa zamani zilikuwa karabai siku hizi taa za sola za betri tunaziacha zinaelea juu ya maji zile sehemu tulizochagua halafu tunasubiri, dagaa wanafuata mwanga wanakuja wanajazana pale chini ya taa maelfu kwa maelfu, tukiona wamejaa tunazungushia wavu tunavuta. asubuhi wakina mama wanawaanika, wa mchangani bei yake chini maana wana mchanga, wa kwenye chanja wasafi bei nzuri. mvua ikinyesha hapo ni hasara tu

Mimi: Baba mdogo hii imekaa vizuri sana. Mathayo 5, ninyi ni nuru ya ulimwengu, watu wanavutwa na mwanga gizani!

Baba Mdogo Mwanza: Hapana subiri kwanza. Hao dagaa wanaofuata taa wanaenda wapi? wanaenda kwenye wavu mwanangu halafu kwenye jua halafu kwenye gunia. Ile taa mimi naiwasha ili niwale. Usiwaambie watoto kwamba ile ndo nuru ya Bwana

Dada Nesi: Baba mdogo 🙌🏾

Mimi: Nimekaa kimya dakika nzima hapa. Kweli kabisa. Na Biblia ipo, 2 Wakorintho 11:14, Shetani mwenyewe hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Na hii vijana wangu wataielewa hata bila mimi kuongea, maana mtaani kwetu usiku sehemu inayowaka taa kuliko zote ni pale pa kubeti. Na kwenye simu zao ni mikopo ya mtandaoni, mwanga mzuri, maneno matamu, dakika mbili hela imeingia, wavu unakuja mwisho wa mwezi wanapigiwa simu mpaka wazazi wao. Kuna kijana wangu mmoja yuko ndani ya wavu huo hivi ninavyoandika na nampenda kama mdogo wangu.

Baba Mdogo Mwanza: Pole sana. Sasa nikuongezee kitu ambacho mtu asiyevua hakijui. Mwezi ukiwa mkubwa sisi hatuendi ziwani, tunabaki tunashona nyavu na kuziba mitumbwi. kwa sababu mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga, dagaa hawana sababu ya kuja kujazana kwenye kitaa changu, wametawanyika wako huru. naweza kuwasha taa kumi sipati kitu. Kwahiyo taa yangu ina nguvu siku ya giza tu

Mimi: Baba mdogo.

Mimi: Hilo ndo somo la Jumamosi. Yaani nisingekuuliza kazi inavyokwenda ningewapelekea lile langu la kwanza wakaitikia amina wakarudi nyumbani. Siku zote tunawaambia vijana acheni kubeti, acheni hiki, acheni kile, tunapigana na vitaa kimoja kimoja. Kumbe swali ni kama juu yao kuna mwanga mkubwa. Kijana aliyejua anapendwa na Kristo, ana watu wanaomuulizia akikosekana, ana kazi ya kufanya na mikono yake, kile kitaa hakimwiti sana. Bado yupo ziwani lile lile, wavuvi wapo, ila hakimwiti.

Shangazi Machame: Haleluya. Huyu baba yenu mdogo alikuwa anatoroka Sunday school nyie hamjui tu.

Mjomba Tabata: Habari za jioni familia. Nimesoma yote. Mpwa wangu mimi nitasema tofauti kidogo usinielewe vibaya. Nimeendesha daladala miaka mingi, kuna watu wa dini ukipanda nao gari likipata pancha wanaanza, Mungu anatufundisha uvumilivu, au kuna mwenye dhambi humu. Pancha ni pancha. Msumari ulikuwa barabarani. Nina wasiwasi vijana mtawafanya wawe watu wa kutafuta maana kwenye kila kitu mpaka kikombe kikivunjika.

Mimi: Shikamoo mjomba. Sikuelewi vibaya hata kidogo, tena nashukuru umelisema. Bwana mwenyewe kuna wakati alikataa. Luka 13, wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, watu walishakuwa na fundisho lao tayari kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wengine Yerusalemu. Yesu akasema sivyo. Mnara ulianguka. Akawageuzia wao wenyewe, nyie mnaishije. Kwahiyo pancha ibaki pancha mjomba. Mimi ningeuliza tu, gari likisimama pale, konda alifanya nini? Alirudisha nauli au alipotea?

Mjomba Tabata: Hahaha. Inategemea konda. Nilikuwa na mmoja Mungu amrehemu, alikuwa anarudisha bila kuombwa, na mama mwenye mzigo anamtafutia gari lingine anaupakia mwenyewe. Abiria walikuwa wanaliacha gari tupu wanasubiri la kwetu. Sijawahi kumsikia akitaja andiko.

Mimi: Mjomba huyo naenda naye Jumamosi.

Dada Nesi: Na mimi niseme langu nikiwa bado na nguvu maana nimetoka shifti ya usiku. Fundisheni hao vijana pia lini WASISEME. Wodini naona watu wanakuja kumuona mgonjwa, hawajakaa hata kwenye kiti wameshaanza, Mungu ana makusudi, hili ni jaribu utatoka na ushuhuda. Mama wa watu kafiwa na mtoto saa moja iliyopita anaambiwa Mungu alihitaji ua kwenye bustani yake. Mimi niko pale nashika mkono wa yule mama nahisi unavyotetemeka. Hayo maneno yanamsaidia anayeyasema, anaogopa ukimya. Naumia sana na hili jambo.

Mimi: Dada pole na kazi. Hili naliandika kwa kalamu. Marafiki wa Ayubu walipofika waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyemwambia neno kwa sababu waliona mateso yake ni makubwa mno, ile sura ya pili mwishoni. Hapo walikuwa marafiki kweli. Walipofungua midomo kuanzia sura ya nne ndo mambo yakaharibika, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao. Nina vijana wawili darasani wamefiwa mwaka huu. Sitaki mtu awageuze kuwa mfano. Wakitaka kusema watasema wenyewe, wasipotaka tutakaa nao.

Dada Nesi: Asante. Na waambie kuleta uji na chupa ya chai wodini ni ibada tosha. Nalala sasa.

Shangazi Machame: Lala mwanangu, Bwana akutunze.

Dogo Boda: Wakubwa shikamooni. Dada mi sina somo ila ntakueleza kijiwe. Mi natoka saa kumi na moja alfajiri, kijiweni tuna foleni, ukifika unakaa nyuma ya waliotangulia. Kuna siku zinakubali kuna siku hazikubali. Hesabu ya bosi iko pale pale siku ikikubali isipokubali, na mafuta yako. Kuna mwana yuko kijiwe chetu juzi kakaa toka asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni kapata elfu tatu, hajala, na nyumbani kuna mtoto mchanga. Anacheka na sisi ila ukimwangalia unaona hayupo.

Mimi: Mdogo wangu hebu fungua Mathayo 20 mstari wa 1 mpaka 16. Soma kama mtu wa kijiwe. Halafu uniambie umeona nini, mimi sisemi kitu.

Dogo Boda: Poa ngoja

Mjomba Tabata: Huyo atarudi kesho.

Dogo Boda: Nimesoma mara mbili. Dada hii stori ni ya kijiwe kabisa, bosi anachukua vibarua wa shamba toka alfajiri mpaka saa kumi na moja jioni, halafu wote anawalipa sawa, dinari moja moja. Sa sikia, kanisani nilikuwa naskia huwa wanasema wale wa asubuhi ndo waliteseka, jua lote lao, wale wa jioni wamepata mteremko. Mi naona kinyume. Yule aliyechukuliwa asubuhi jua linampiga sawa, ila moyo umetulia, anajua jioni kuna chochote. Yule wa saa kumi na moja kasimama pale siku nzima anaona wenzake wanachukuliwa, anawaza nyumbani anaingiaje mikono mitupu. Hiyo kazi ya kusimama inachosha kuliko kulima, wallah. Na bei ya unga haikuulizi umeanza kazi saa ngapi, mtoto wake anakula kama mtoto wa yule wa asubuhi. Kwahiyo bosi kumpa dinari nzima kamlipa na ile ya kusimama.

Mimi: 😭 endelea

Dogo Boda: Alafu kingine. Huyo bosi ana msimamizi, imeandikwa pale jioni msimamizi ndo analipa. Sasa kama una msimamizi si unamtuma yeye kijiweni? Ila yeye katoka mwenyewe. Alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja. Mara tano. Mi sijawahi kuona bosi anakuja kijiweni mara tano kuangalia nani kabaki. Bosi wangu anapiga simu tu kuulizia hesabu.

Shangazi Machame: Mjukuu wa mchungaji huyo. Damu haipotei.

Baba Mdogo Mwanza: Kijana umeongea

Mimi: Nimefundisha huo mfano sijui mara ngapi, hilo la msimamizi sikuwahi kuliona. Mdogo wangu nakuomba uje Jumamosi uwaeleze vijana hivyo hivyo ulivyoandika, usibadilishe hata neno.

Dogo Boda: Dada mi na kanisa unajua tena. Jumapili ndo siku ya hela, mwaka huu sijaingia hata Pasaka. Ntasimamaje mbele ya watoto wa kipaimara

Mimi: Utakaa, hutasimama. Viti tunaviweka duara. Na hakuna atakayekuuliza habari za Pasaka, nitakuwepo.

Mjomba Tabata: Nenda bwana. Mimi pia nitakuja nimsimulie yule konda, kama mpwa wangu ataruhusu mtu anayesema pancha ni pancha.

Mimi: Mjomba karibu sana, na hilo la pancha uliseme kwanza kabla ya yote. Baba mdogo naomba unirekodie sauti ukielezea taa na mbalamwezi, dakika tatu zinatosha, na kama una picha ya taa zikielea usiku nitumie.

Baba Mdogo Mwanza: Nitarekodi leo leo giza lipo tunaingia kazini. Utasikia na injini

Dogo Boda: Saa ngapi dada?

Mimi: Saa nane mchana. Ukipata abiria njiani mpeleke kwanza, tunakusubiri. Na yule mwenzako wa elfu tatu mwambie aje naye, kutakuwa na pilau.

Shangazi Machame: Pilau ya watu wangapi? Maana basi la kesho linaondoka asubuhi, nataka kujua nipakie mkungu mmoja au miwili.