Yule bwana wa e5 kwenye sataranji pale Mkunguni, Lamu, amenidhalilisha mbele ya wazee, na leo nasema

Punda_Mweupe (ameanzisha uzi)

Nimetoka barazani sasa hivi, hata kofia sijavua. Jina simtaji. Mnamjua. Kila mwenye simu na sataranji kuanzia Langoni mpaka Shela anamjua. Ukifungua na d4 (askari wa mbele ya malkia, miraba miwili), yeye e5 (askari wa mbele ya mfalme wake, miraba miwili). Ukiota umefungua na d4, atakufuata ndotoni akuwekee e5.

Jamani, ile ni takataka! Unagawa askari hatua ya kwanza, bure, hujaulizwa. Gambiti ya Englund. Kuna Mswidi aliipenda mpaka akadhamini mashindano ambayo kila mchezo ulianzia humo humo, akafariki 1933 akatuachia sisi balaa. Uliza kompyuta yoyote itakwambia mweupe yuko raha mustarehe. Wakubwa wakikaa na saa zao ndefu hawaigusi. Lakini kwa dakika moja kila mtu, nani ana nafasi ya kufikiri? Ndipo huyu bwana anapoishi. Ile si sataranji, ni kutega watu.

Sasa sikilizeni. Nimekula e5. Kaleta farasi c6, mimi farasi f3, yeye malkia e7. Nikaweka askofu f4 kumlinda askari wangu, jambo la mtu mwenye akili timamu. Malkia b4, mfalme wangu anatishwa. Nikarudisha askofu d2. Malkia akala b2. Nikaweka askofu c3 kumfukuza malkia, kaleta askofu wake b4. Nikapandisha malkia d2. Kala c3. Nami nikala kwa malkia, saa inakimbia, kidole kinakimbia, na HAPO.

Hapo jamani. Simu yake ilikuwa imeshawekwa chini. Chini kabisa, juu ya baraza, hakuna kidole kinachoigusa. Mkono wake uko kwenye sahani ya halua. Halua niliyoinunua mimi! Na malkia wake akatembea peke yake mpaka c1. Alikuwa ameshampangia safari kwenye simu kabla mimi sijala, zamu yake ikifika hatua inajicheza yenyewe! Mfalme wangu e1 hana pa kupumulia. Ngome yangu ya a1 imezibwa na farasi wa b1 ambaye tangu mchezo uanze hajainuka. Malkia wangu c3 yuko mstari mmoja na yule mwizi, na askari wangu mwenyewe wa c2 kasimama katikati kama mlinda geti wa benki. Na yeye anatafuna. Hakuitazama hata simu. ANATAFUNA.

Nataka wenye baraza watoe uamuzi. Dakika moja ipigwe marufuku chini ya ule mti, au mtu wa e5 asikaribie sahani ya mwenzake.

Kahawa_Bila_Sukari

Nilikuwepo. Huyu ameruka hadithi. Alipigwa mara ya kwanza, akasema "tena". Akapigwa vilevile, mraba ule ule, akasema "tena". Halua ilikuja baadaye. Na alipiga ukelele mpaka mzee mmoja akauliza nani kafariki.

Punda_Mweupe

Hilo la "tena" halihusiani. Nazungumzia simu kuwa chini. Mtu anakuua na huku hakuangalii!

Farasi_wa_Shela

Ndugu, hatua ya sita. Weka farasi c3, siyo askofu. Akileta askofu b4 wewe ngome b1, malkia wake atakimbilia a3, halafu farasi wako anaruka d5 na c7 inawaka moto. Mchezo umekwisha. Vijana wetu wa Shela wanaijua hii kabla hawajajua kuogelea.

Punda_Mweupe

Farasi c3 naijua! Mimi na farasi c3 tuna udugu! Kwa dakika tatu nammaliza na anajua, ndiyo maana hakubali dakika tatu. Tatizo si farasi c3. Tatizo ni mkono kwenye halua na malkia anatembea peke yake. Mnasoma lakini?

Mato_Mawili

Nimeteka mpaka mato yamenitoka matozi 😂😂 Weye nawe, ukiyua mtu ni wa e5, usiteze d4. Teza e4. Nani kakushika mkono?

Bi_Mkeka

@Mato_Mawili mwambie tena, labda atasikia kwa Kiamu.

Punda_Mweupe

Nimecheza d4 tangu nifundishwe na marehemu babu. Siwezi kubadilisha mchezo wa babu kwa ajili ya mla halua.

Mtu_wa_Malindi

Nyinyi wa Lamu mnadeka. Njooni Malindi muone mateso. Wetu sisi anacheza Stafford, gambiti nyingine ya kutega watu. Unafungua na e4, anajibu e5, farasi wako f3, farasi wake f6. Unakula e5, kaleta farasi c6, mnabadilishana, anakula kwa askari wa d. Ana upungufu wa askari na anatabasamu. Unaweka d3 taratibu, yeye askofu c5. Ukithubutu kumbana farasi wake kwa askofu g5, anakula e4 na kukuachia malkia mezani. Mla malkia, uone. Askofu f2, mfalme wako anapanda e2, askofu mwingine g4, kwisha habari. Halafu anakupiga picha! Sura yangu imezunguka kwenye magrupu mpaka Watamu.

Kahawa_Bila_Sukari

Malkia kaachwa bure na wewe ukamla? 😂

Mtu_wa_Malindi

Sekunde kumi na moja zimebaki, malkia mzima yuko wazi, wewe ungemwacha? Wacha uongo.

Punda_Mweupe

Samahani, huu ni uzi wa e5. Fungua wako wa Stafford.

Mkaa_Matondoni

Nyinyi angalau mnauawa na binadamu. Huku kwetu Matondoni mimi nauawa na mtandao. Nabonyeza hatua ya kwanza, duara linazunguka, linazunguka, likitulia nakuta saa imeisha na mpinzani ameniandikia "mchezo mzuri". Mchezo gani? Nimecheza d4 tu! Nimepanda mpaka juu ya paa la makuti, mama ananiuliza naharibu paa kwa sababu gani.

Farasi_wa_Shela

Stima ikikatika na mtandao unakufa. Juzi nilikuwa nashinda, nina ngome mbili juu, giza.

Mkaa_Matondoni

Wote mnaokatikiwa na stima huwa mnashinda. Sijawahi kumsikia aliyekatikiwa akishindwa.

Bi_Mkeka

Mimi nasema haya yote yameletwa na simu. Baraza la Mkunguni lilikuwa la bao na dhumna, watu wanatazamana usoni. Leo ukipita na kusalimu, vichwa vyote vimeinama, hakuna anayejibu. Nimesalimia watu sita, kaitikia mmoja, na huyo alikuwa muuza kahawa.

Kahawa_Bila_Sukari

Dhumna gani Bi Mkeka? Ile ya kuonyeshana kete kwa nyusi? Kuna mtu pale akishika dabali, kete yenye namba sawa pande zote mbili, anakuna sikio. Sitaji jina.

Mato_Mawili

Anayekuna sikio simyui, lakini anayebwaga kete usiku wa manane nyuma ya nyumba yetu namyua. Mtoto analala, yeye PAA! Mtoto anaamka. Nikichungulia dirishani ananipungia mkono.

Punda_Mweupe

Wenye baraza, uamuzi wangu wa halua vipi? Simu ilikuwa CHINI.

Bi_Mkeka

Huyo wa kukuna sikio namtafuta. Seti ya dhumna ni ya marehemu mume wangu, niliiazima barazani Ramadhani, imerudi bila kete ya sita-sita. Nimeuliza, kila mtu anatazama bahari.

Kahawa_Bila_Sukari

Sita-sita kaulize kwa yule wa mashua ya buluu. Walikuwa wameiweka chini ya mguu wa meza, meza inacheza.

Bi_Mkeka

Chini ya MEZA? Nakuja sasa hivi. Mtu asiondoke.