Nitavukaje tena kwenda Ukara?

Wakuu, shangazi yangu alikufa kwenye kivuko cha MV Nyerere cha kwenda kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018. Alikuwa akirudi kutoka gulioni Bugolora. Kivuko kilijaza kupita kiasi, kikapinduka karibu kabisa na gati la Bwisya. Walikufa watu zaidi ya 220! Kanga yake ndiyo niliyomtambulia. Sasa mdogo wangu anaoa hukohuko Ukara mwezi ujao na nikiona ziwa tu magoti yanalegea. Mliopitia haya mlifanyaje?

Jibu 1: Pole sana ndugu. Mimi nilimpoteza baba kwenye meli ya MV Bukoba iliyozama 1996. Nilikwepa maji miaka sita. Siku ya kwanza nilivuka na rafiki, nikakaa karibu na maboya, nikaongea ovyo njia nzima mpaka abiria wakacheka.

Jibu 2: Mkumbuke yule fundi wa MV Nyerere aliyetolewa hai siku mbili baadaye, watu wameshakata tamaa. Mimi hunisaidia.

Muulizaji: Asanteni. Yule fundi hunitia hasira kidogo, kwa nini si shangazi? Lakini wazo la rafiki nimelichukua. Nitavaa ile kanga harusini.