Mbu na saa zake: gumzo la kikundi cha ukoo, Wete

Shangazi Zuhura: Assalaam alaykum, wanangu. Kipimo cha Khamis kimeonesha malaria, na dawa amekwisha kuanza. Ninachouliza ni hiki: mtoto huyu hulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, nacho hakina tundu hata moja. Mbu amempata wapi?

Salma: Wa alaykum salaam, shangazi. Mwenyezi Mungu ampe shifaa. Baada ya sala ya magharibi Khamis huwa wapi?

Shangazi Zuhura: Barazani na wenzake wakicheza keram, mpaka saa nne.

Salma: Basi huenda ni huko. Zamani mbu wengi wa malaria hapa visiwani walikuwa wa jamii inayoingia ndani na kuuma usiku wa manane. Tangu vyandarua vyenye dawa na upigaji wa dawa ukutani vilipoenea, hao wamepungua sana, na aliyebaki kwa wingi ni Anopheles arabiensis, ambaye huuma nje bila shida, huanza mapema jioni, na akimkosa mtu hunywa damu ya ng'ombe. Chandarua kinamlinda Khamis akiwa kitandani, lakini zile saa za baraza hakipo. Mbu huyu huruka chini na hupenda miguu ya mtu aliyekaa, kwa hiyo akitoka tena avae suruali ndefu na ajipake dawa ya kufukuza mbu mpaka kwenye vifundo.

Ami Juma: Mimi mbu wananiuma kila jioni, Salma, na sijaugua.

Salma: Ami, anayeuma ni jike tu, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Tena hazaliwi na malaria: ni lazima kwanza amuume mtu mwenye vimelea, kisha vimelea hivyo vikae mwilini mwake siku 10 au zaidi ndipo vifike kwenye mate. Mbu wengi hufa kabla ya hapo, na wa hatari ni yule aliyeishi muda mrefu. Nawaomba sana msiwazuie wapiga dawa wanapokuja, kwani mbu akishashiba hutua ukutani kupumzika, na akifa hapo hafikii siku ya kumwambukiza mtu mwingine. Khamis naye amalize dozi yote na asiache chandarua, maana wiki hii yeye ndiye anayeweza kuwapa mbu vimelea.

Ami Juma: Na wale wa chooni?

Salma: Hao ni kyuleksi, wanaoeneza matende na mabusha. Huuma usiku, na minyoo midogo ya matende nayo hujaa kwenye damu ya mgonjwa saa hizo hizo za usiku. Kule Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walipewa dawa na vyoo vya shimo vilivyokuwa na maji vikamwagiwa chembe za plastiki nyepesi zinazoelea, zikafunika maji na mbu wakashindwa kuzaliana. Lilikuwa jambo la akili sana, na natamani watu wa huku walijue.

Shangazi Zuhura: Jikoni kwangu kuna wanaouma mchana, weusi wenye madoadoa meupe miguuni.

Salma: Huyo ni Aedes, wa homa ya dengue na chikungunya, na chandarua cha usiku hakimhusu. Huuma zaidi asubuhi na alasiri, na ukimfukuza kabla hajashiba humwendea mwingine, hivyo mmoja anaweza kuuma watu kadhaa wa nyumba moja. Hapendi maji machafu, anataka pipa lako la maji ya mvua. Kulimwaga tu hakutoshi, shangazi, kwa sababu mayai yake hunata ukingoni juu kidogo ya maji, madogo na meusi, na hustahimili ukavu kwa miezi. Yakifikiwa na maji tena, yanaangua. Sugua kuta za pipa kwa brashi kila wiki, kisha ulifunike kwa kitambaa kisichopitisha mbu.

Ami Juma: Pipa nitalisugua mimi kesho baada ya alfajiri, na vile vifuu vya nazi vilivyojaa maji nyuma ya jiko nitavifukia.

Shangazi Zuhura: Ahsante, Juma. Yatazame na yale matairi mawili karibu na banda la kuku, nayo yana maji.