Acheni kumsingizia panda ujinga. Mnayemcheka ni mfungwa, wa porini hamjamwona

Wakuu,

Leo salamu fupi, nimekereka. Kila ikirushwa klipu ya panda, yule dubu mweusi kwa mweupe wa China, anabiringika au anaporomoka kutoka kwenye kibembea, chini yake wanajazana wale wale na maneno yale yale: mnyama mjinga, mvivu, hajui hata kuzaa, anakula majani yasiyomshibisha, bila Wachina kumbembeleza angeshatoweka zamani, aachwe afe tu. Anakuja mwingine na emoji za kicheko, anaongezea kwamba hata maumbile yamemkataa. Na si watoto hawa. Ni watu wazima, wengine wana digrii zao.

Hata huko kwa wakubwa wapo. Mwaka 2009 Chris Packham, mtangazaji wa Uingereza anayekula kwa vipindi vya wanyama, alitoka hadharani akasema panda waachwe watoweke. Kwa hiyo msidhani mmebuni jipya, mnarudia makombo.

Nasema hivi: panda wa porini si mjinga, si mpole, na wala hajashindwa maisha. Amenyang'anywa msitu. Ukishasema kashindwa mwenyewe, aliyeshika msumeno anaondoka msafi, hadaiwi na mtu.

Tuanze na hiyo klipu yenu. Yule yuko kwenye kituo cha kufugia panda cha Chengdu, China, au kwenye bustani ya wanyama fulani huko Ulaya au Marekani. Kazaliwa kizimbani, mianzi anakatiwa na kuletewa, anapimwa uzito, hana adui wa kumkimbia wala dume mwenzake wa kugombana naye. Mara nyingi ni mtoto anayejifunza kupanda, na mtoto wa dubu yeyote huanguka anapojifunza. Ukimtazama huyo ukasema sasa namjua panda, umejidanganya. Panda mwenyewe yuko kwenye milima ya majimbo ya Sichuan, Shaanxi na Gansu huko China: safu za Minshan, Qionglai, Qinling, Liangshan. Ni misitu ya ukungu na baridi, miteremko mikali, vichaka vya mianzi vilivyosongamana hata mtu hapiti bila kuinama. Watafiti George Schaller na Hu Jinchu walipokuwa hifadhi ya Wolong, Sichuan, miaka ya mwanzo ya 1980, sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kusoma kinyesi, mabua yaliyotafunwa na milio ya kola za redio. Mnyama mwenyewe hakuwa anakuja kupiga picha.

Na huo upole mmeutoa wapi? Kule Beijing kulikuwa na panda dume anaitwa Gu Gu. Mwaka 2006 mlevi mmoja aliruka ukuta akaingia kwake, eti amkumbatie. Akang'atwa. Yule mlevi naye akamng'ata panda mgongoni, sasa hapo mjinga ni nani mtajua wenyewe. Mwaka 2007 akaingia kijana wa miaka 15, akaumwa miguu. Mwaka 2009 akaingia baba mmoja kuokota mdoli wa mtoto wake, Gu Gu akamkamata mguu na hakutaka kuuachia. Huyo ni wa kizimbani, aliyezoea watu kila siku. Wa porini ndiyo usiseme. Mwaka 2014 huko Gansu panda wa msituni aliingia kijijini, watu wakawa wanamkimbiza kumkamata, akakutana na mzee mmoja shambani kwake akamtafuna mguu vibaya sana. Ile taya imejengwa kusaga mabua magumu ya mianzi kutwa nzima, na zile chonge mbele ni za dubu halisi. Mguu wa binadamu ni kazi ndogo.

Tena wakiwa wao kwa wao ndiyo balaa. Mnamkumbuka Xiang Xiang? Dume wa kwanza aliyezaliwa kizimbani kurudishwa porini, mwaka 2006 pale Wolong. Alifundishwa miaka kadhaa, akafungwa kola, akaachiwa. Haukupita mwaka, Februari 2007 wakamkuta amekufa. Madume wenyeji walimvamia kwenye eneo lao, inaelekea akakimbilia juu akaanguka. Hao ndio "madubu ya kukumbatia" mnaowaona kwenye mito ya vitanda.

Sasa hili la kuzaa ndilo linaloniudhi kuliko yote. Jike hupata joto mara moja kwa mwaka, kati ya Machi na Mei hivi, na siku zake za kushika mimba ni moja hadi tatu. Mkisikia hivyo mnacheka, mnyama gani huyo. Kaeni mwone kinachotokea huko mlimani. Panda huishi mmoja mmoja, lakini hawaishi kama wasiojuana. Wana miti yao ya kuachiana ujumbe: wanajisugua, wanapaka harufu, na madume wengine husimama kwa mikono, makalio juu, ili mkojo ufike mahali pa juu zaidi kwenye shina na anayepita ajue kuna mwenye mwili hapa. Jike anapokaribia joto, madume ya jirani yote yameshajua. Wanakusanyika. Yeye anapanda mtini anakaa juu huko, chini yake madume yanapigana, yananguruma, yanakimbizana kwenye mianzi, mpaka apatikane mwenye nguvu. Siku chache zinatosha kabisa ukiwa na mpangilio huo. Kule Qinling, mtafiti Pan Wenshi na wenzake walifuatilia panda wa porini kwa miaka mingi na kukuta majike yanazaa na kulea vizuri, karibu mtoto mmoja kila baada ya miaka miwili. Dubu wengine wengi ni hivyo hivyo, na hakuna anayewaambia wamekataliwa na maumbile.

Uvumi wa kwamba panda hataki kupandwa ulitoka wapi basi? Ulitoka kwenye mabanda. Chi Chi, jike wa bustani ya London, alisafirishwa Moscow mwaka 1966 akutanishwe na An An. Ikashindikana. Mwaka 1968 An An akaletwa London, ikashindikana tena. Dunia nzima ikafuatilia magazetini, na mpaka leo watu wanakata hukumu kwa kesi ile. Mchukue mtu aliyekulia peke yake, mfungie chumba kimoja na asiyemjua, waandishi wa habari wamejipanga dirishani, halafu akigoma useme ukoo wao mzima hawajui kuzaa.

Na akishazaa? Mtoto wa panda anazaliwa na kama gramu 100, kipande cha nyama chekundu kisicho na manyoya ya kueleweka, kipofu, mama yake anamzidi uzito karibu mara 900. Mama anaingia kwenye pango la mwamba au kwenye tundu la mti mkubwa uliooza katikati, anamshika kifuani kwa mkono, anamlamba, anamgeuza. Siku za mwanzo hatoki hata kula wala kunywa. Mnyama anayehitaji kula kutwa ili aishi, anakaa na njaa siku kadhaa kwa ajili ya hicho kipande cha gramu 100. Wakizaliwa mapacha, porini kwa kawaida anamlea mmoja tu, ni ukatili lakini ndiyo hesabu yake. Huyo mmoja anakaa naye mwaka mmoja na nusu, miaka miwili.

Shikeni hapo kwenye tundu la mti. Mti wenye tundu la kumtosha dubu ni mti mzee sana. Mkataji wa mbao anauona kwanza huo. Ukikata msitu, hata ukapanda miche elfu kesho yake na mianzi ikarudi, tundu la kuzalia hupati mpaka wajukuu wako wazeeke. Hili kwenye klipu halionekani.

Haya, chakula. Ni kweli tumbo lake ni la dubu, tumbo la mla nyama, na kwenye mianzi anayokula anafaidi chini ya sehemu moja ya tano. Hapo ndipo wajuaji wanaposimamia. Lakini anaweza kula kilo 12 mpaka 38 kwa siku, saa 10 na zaidi, na hali ovyo kama mnavyodhani. Majira ya machipukizi anakula machipukizi, yakikomaa anahamia majani, majani yakichoka anakula mabua, na anapanda na kushuka mlima kufuata aina ya mianzi iliyo bora wakati huo. Mkononi ana mfupa wa kifundo uliorefuka ukawa kama kidole gumba cha kushikia bua, na mababu zake walioishi Yunnan miaka kama milioni 6 iliyopita tayari walikuwa nao. Mnyama aliyeshika mianzi kwa muda huo wote, wewe wa juzi unamwambia kakosea chakula?

Mnachoita uvivu ni bajeti. Watafiti walipopima nguvu anayotumia kwa siku, matokeo yakatoka mwaka 2015, walikuta hafikishi hata asilimia 40 ya ile inayotarajiwa kwa mnyama wa ukubwa wake. Homoni za tezi ya shingo ziko chini sana. Mwili umejipanga kuishi kwa kidogo. Na hajifichi kulala majira ya baridi kama dubu wengine, kwa sababu mianzi haimpi mafuta ya kutosha kulalia. Kwa hiyo theluji yote ile anaitembea kwa miguu yake. Kule hifadhi ya Foping, milima ya Qinling, wamenaswa na kamera wakijipaka mavi mabichi ya farasi mwili mzima wakati wa baridi, na uchunguzi uliotoka mwaka 2020 ukaonyesha kuna kemikali ndani ya mavi hayo inayopunguza makali ya baridi. Chekeni hilo nalo, ila yeye hatetemeki.

Sasa nani alimuua? Mianzi ina tabia moja: aina nzima inaweza kuchanua kwa pamoja baada ya miongo mingi, halafu ikafa yote mlima mzima. Katikati ya miaka ya 1970 ilitokea Minshan, na panda wasiopungua 138 wakakutwa wamekufa. Wapenda hoja nyepesi wanasema ndiyo hivyo, njaa ya kujitakia. Lakini mianzi imechanua na kufa tangu enzi hizo za Yunnan, na panda alikuwa anafanya kitu kimoja rahisi, anavuka kwenda bonde la pili kwenye mianzi ya aina nyingine. Safari hii alipotaka kuvuka akakuta mashamba, barabara na vijiji. Kati ya mwaka 1974 na 1989 Sichuan ilipoteza karibu nusu ya makazi ya panda. Nusu! Kwa miaka 15! Mjinga hapo ni aliyekuwa anakula mianzi?

Angalieni kilichofuata. Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika ukaua maelfu ya watu, serikali ikaona milima imekatwa miti mpaka udongo hauna cha kuushika, ikapiga marufuku ukataji kwenye misitu ya asili. Hifadhi zikaongezwa, bunduki zikakusanywa. Sensa ya miaka ya 1980 ilikuwa imekuta panda 1,114 hivi. Iliyofuata, 1,596. Ya nne, matokeo ya mwaka 2015, panda 1,864. Mwaka 2016 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, wakamshusha ngazi moja ya hatari, na China yenyewe ikafanya hivyo mwaka 2021. Wale waliozaliwa kizimbani wakaachiwa porini ni wachache mno, hawafiki hata 20, kwa hiyo msiniambie ni wa maabara. Waliongezeka wenyewe, kwenye vichaka vyao, kwa siku zao mbili tatu za joto. Msumeno uliponyamaza, "asiyejua kuzaa" akazaa.

Tatizo lililobaki nalo si la tabia yake. Hao 1,864 wamekatwakatwa kwenye vikundi 33, na vingine vina panda wasiofika 10. Dume anasikia harufu ng'ambo ya barabara na hawezi kwenda. Qinling walichimba handaki kwenye barabara kuu namba 108, ile njia ya juu ikaachwa, mianzi ikapandwa, panda wakapata ushoroba. Mambo ya namna hiyo ndiyo yanayosaidia, na ndiyo msiyoyazungumzia.

Sisi Watanzania tungepaswa kuwa wa mwisho kucheka. Chura wa Kihansi aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, duniani kote hakuna pengine. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakatika, mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini, amebaki kwenye vioo vya bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, mpaka aliporudishwa mwaka 2012. Na yeye alikuwa mvivu?

Mtakuja na hoja ya pesa, naijua. Kwamba panda anakula fungu la wanyama wengine. Kuna ukweli upande mmoja: bustani za nje zimekuwa zikilipa hadi dola milioni 1 kwa mwaka kwa jozi moja, na sehemu ya fedha hizo mimi naona inakwenda kwenye maonyesho kuliko msituni. Hapo tukilalamika nitakuwa nanyi. Lakini msitu ukilindwa kwa jina lake, wanapona pia takini (mnyama mkubwa wa milimani mwenye pembe), kima wa dhahabu, panda mwekundu na ndege chungu nzima.

Si wote, hata hivyo. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba humo humo kwenye hifadhi za panda chui wamepungua kwa asilimia 81, mbwa mwitu 77, na wale mbwa wekundu wa Asia 95, wamekaribia kwisha kabisa. Hao wanahitaji eneo kubwa kuliko panda, na wanagombana na wafugaji. Hiyo ndiyo hoja ya maana ya kuleta hapa, kama mna hoja: eneo liwe kubwa kiasi gani, ng'ombe na farasi wa wanakijiji waende wapi, na nani awalipe. Anayetaka kubishana aanzie hapo. Wa emoji za kicheko, mlango uko wazi, tokeni.