Thomu na jeni: wenye vipaza sauti sokoni waachwe?

Kijana wa Ngamiani: Salamu wakubwa. Kuna wauzaji wanazunguka soko la Mgandini hapa Tanga na vipaza sauti: punje mbili za thomu (kitunguu saumu) mbichi asubuhi, jeni (chembe za urithi) zinabadilika, vidonge vya presha tupa. Mimi nasema wakatazwe. Khaloo yangu kawasikiliza, kaacha vidonge.

Muuza Viungo: La jeni si uongo. Marekani walitoa utafiti mwaka 2015: watu 17, mkate, siagi na gramu 5 za thomu mbichi iliyopondwa. Damu ikapimwa, jeni 7 za kinga na saratani zikawa zimeongeza kazi. Mlo mmoja tu! Sisi wauza viungo tumechoka kuitwa matapeli.

Nesi Chumbageni: Jeni kuongeza kazi si jeni kubadilika, wala si mtu kupona. Wale 17 hawakutibiwa ugonjwa wowote. Kinachonitisha ni thomu juu ya dawa za hospitali. Vidonge vya thomu vilishusha kiasi cha sakwinaviri, dawa ya ARV, mwilini kwa kama nusu. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye ana hatari ya kuvuja damu. Tena nyinyi kina mama wa Tanga mnaikaanga thomu mpaka inaungua, kisha mnaiita dawa!

Bi Makorora: Nani anaunguza? Nesi, umekula pilau ya nani wewe? Kitunguu kinaiva kwanza, thomu inafuata na tangawizi, harufu ikitoka tu unatia nyama. Usitutukane majikoni mwetu.

Nesi Chumbageni: Shikamoo mama. Mimi mzaliwa wa Pangani, pilau naijua.

Bi Makorora: Marahaba. Pangani mnajua samaki.

Mtu wa Pangani: Eeh! Hilo bibi utalirudisha. Pilau ya arusi za kwetu watu wanaifuata kutoka huko huko Makorora.

Mzee Raskazone: Wanangu, ponda thomu, iache dakika kumi, ndipo utie motoni. Allisini, ile kemikali yenye harufu kali ya thomu, haimo kwenye punje nzima, hutokea ikipondwa, na moto wa haraka unaizuia isitokee.

Bi Makorora: Dakika kumi wageni wamekaa mkekani? Mzee wangu, wewe hupiki.

Kijana wa Ngamiani: Jamani, khaloo presha imempanda tangu juzi. Wakatazwe au wasikatazwe?

Muuza Viungo: Mpeleke hospitali leo hii. Lakini andika wazi kwamba si sisi wenye meza tuliomwambia aache vidonge. Mimi kipaza sauti sina.

Mtu wa Pangani: Bi Makorora, nangoja jibu la pilau.