Kidimbwi cha bustani Unguja: saruji, nailoni au pipa, kipi salama kwa samaki?

BustaniFuoni
Assalaam aleikum. Nataka kidimbwi nyuma ya nyumba hapa Fuoni, mita 2 kwa 1.5, kina sentimita 60, cha perege wachache na samaki wa mapambo. Kwa hesabu ni lita 1,800. Nimebakiwa na njia tatu: matofali na saruji, nailoni, au pipa la bluu la kukata. Bei nimeshaziuliza. Ninachotaka kujua ni kipi hakitoi kitu cha kudhuru samaki.

FundiNiru
Waaleikum salaam. Saruji iliyokomaa haina neno. Kazi ipo wiki za mwanzo, kwa sababu saruji mbichi inatoa chokaa, pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) inapanda hadi 11 au 12, na samaki anaungua mashavu.

Lipu iwe ndoo 1 ya saruji kwa 3 za mchanga, juu yake niru (saruji tupu iliyokorogwa na maji), kisha ifunikwe magunia na kumwagiwa maji siku 7. Baada ya hapo jaza maji, acha siku 5, mwaga yote, sugua kwa brashi ngumu, jaza tena. Fanya hivyo mara tatu kwa uchache. Wengine hupaka siki. Inasaidia chokaa iliyo juu tu, ndani ya lipu haifiki, kwa hivyo isiwe sababu ya kuruka hatua ya kuloweka. Maji ya mwisho yakae siku 3, na siku hiyo hiyo weka mengine kutoka chanzo kile kile kwenye ndoo. Pima yote mawili alfajiri. pH zikikaribiana, tia samaki. Usipime mchana, maji ya kijani hupandisha pH yenyewe jua likiwa kali, utadhani ni saruji.

Na mchanga wa pwani usiuguse. Chumvi inakula nondo, nondo ikivimba kwa kutu inapasua lipu.

Kisima_Kirefu
Niongeze kwa nini pH ni jambo kubwa kwetu. Visima vingi vya Unguja vinapita kwenye mawe ya matumbawe, maji yana chokaa tangu yakiwa chini. Kinyesi cha samaki kinatoa amonia. Kwenye joto la nyuzi 28 na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikifika 9, ni kama asilimia 40. Amonia ni ile ile, samaki wale wale, lakini asubuhi wanaelea. Ndiyo maana saruji iliyoharakishwa inaua hata pale ambapo chokaa peke yake isingetosha kuua.

MwanaWete
Mimi nipo upande wa nailoni, ila si kila nailoni. Turubai la bluu la kusuka jua linalikatakata, halafu nyuzi zinazagaa majini. Turubai la lori mara nyingi limetiwa dawa ya ukungu, liache. Nailoni nyeusi ya msingi haina sumu lakini ni nyembamba, jiwe moja tu linaitoboa. Bora HDPE, yaani plastiki nzito, ya milimita 0.5 au 0.75, ingawa ni ngumu kukunja kwenye pembe, au mpira wa EPDM wa milimita 1, unaolala vizuri. EPDM ununue iliyoandikwa ya mabwawa ya samaki. Za paa nyingine zina dawa ya kuzuia mwani.

Vipimo: urefu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za kukandamiza ukingoni. Chako ni 2 + 1.2 + 0.6 = mita 3.8. Upana 1.5 + 1.2 + 0.6 = mita 3.3. Chini tandika mchanga sentimita 5, na juu yake zulia kuukuu lililooshwa. Kwenye ardhi ya mawe usipunguze hata kidogo.

Na penye maji karibu, kama mabondeni huku Pemba, masika maji ya chini yanainua nailoni katikati, inavimba kama tumbo. Hapo saruji inashinda.

BustaniFuoni
Shukrani. Na pipa?

Kisima_Kirefu
Tafuta lenye alama ya pembetatu na namba 2. La mafuta ya kula au juisi ni sawa. Lililobeba dawa za shamba usilichukue hata likioshwa mara kumi, plastiki imeshanyonya. Lita 200 zikikatwa nusu zinachemka ifikapo adhuhuri. Ni za samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, si perege.

FundiNiru
Watu hushughulika na kidimbwi wakasahau bomba. Koki ya shaba na bomba la chuma lenye zinki visikae ndani ya maji, tumia PVC. Silikoni ya kuzibia iwe isiyo na dawa ya ukungu, ile ya bafuni huwa nayo. Ikauke hadi harufu ya siki iishe. Mbao za dawa ya mchwa zisiguse maji. Maji ya mfereji yakiwa na klorini, yaache wazi juani siku 2 kabla ya samaki.

MwanaWete
Boriti za mikoko ukingoni nazo, magome yake yanatoa rangi nyekundu kama chai. Zimenye kwanza.

BustaniFuoni
Kiwanja ni kikavu, basi EPDM. Upande mmoja kuna ua wa mnyaa, umbali wa mita moja. Kuna tabu?

Kisima_Kirefu
Kubwa. Utomvu wa mnyaa ni utupa, wavuvi walikuwa wakilevyea samaki. Tawi likikatwa au kuvunjika na upepo likaangukia majini, umekwisha. Sogeza kidimbwi au ng'oa ua, na ukiung'oa ufanye kabla ya kuchimba, ukivaa glavu na kitu cha kukinga macho.