Mrejesho: TV ya 8K nimeiacha, nimechukua 4K

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama ninunue TV ya 8K (yenye pikseli, yaani nukta za picha, mara nne ya 4K) mapema nisije kupitwa, au 4K inatosha. Asanteni sana. Nimechukua 4K, inchi 55.

Kilichoniamulia ni yule aliyesema nipime kochi lilipo: mita 3, na kwa umbali huo jicho langu halioni tofauti. Tena diski za filamu za Ultra HD Blu-ray zenyewe zinaishia 4K, pikseli 3840 kwa 2160.

Hela iliyobaki nikanunua saundiba (spika ndefu ya TV) yenye eARC, yaani inapokea sauti ya TV kwa waya wa HDMI. Hapo ndipo raha ilipo! Mama watoto haulizi tena "kasemaje?"

Waya wa HDMI tu ndio nimewekea akiba ya mbele, wa gigabiti 48 kwa sekunde unaobeba hata 8K, kwa sababu umepita ndani ya ukuta na sitaki kubomoa plasta mara ya pili.